Jinsi ya Kumsaidia Asiyeona Kutumia Simu Yake, Hata Asipoomba

Mwongozo huu ni wa wenye macho wa Mukendo, Musoma, kuanzia wauza vocha hadi abiria wanaongoja gari la Bunda, ambao mioyo yao haitulii wakimwona mtu asiyeona amekaa kibarazani na simu ya tachi.

Anza kwa kushangaa, na ushangae kwa sauti. Usimsemeshe yeye, mwulize aliyekaa naye: "Hivi huyu mzee anaitumiaje?" Akikujibu mwenyewe, paza sauti zaidi. Masikio yake ni mazima, lakini huwezi kujua.

Atakueleza. Anapitisha kidole juu ya kioo, na simu inamtajia kila kilicho chini ya kidole: meseji, WhatsApp, saa, betri. Kutajiwa si kufungua. Akisikia anachokitaka anagonga mara mbili haraka haraka, nacho kinafunguka. Kusogeza ukurasa ni kazi ya vidole viwili. Wewe usiyasikilize haya. Ichukue simu, gonga mara moja kama ulivyozoea. Haifunguki. Bonyeza kwa nguvu. Haifunguki. Mrudishie, umwambie kwa upole: "Simu yako mbovu, mzee." Yeye atagonga mara mbili na kumpigia mkewe.

Siku nyingine utakikuta kioo cheusi tititi. Usikimbilie chaja. Kioo amekizima makusudi, na simu inaendelea kufanya kazi gizani. Uchoyo wa namna hii hauna nafasi ndani ya hiace, ambamo kusoma meseji za jirani ni haki ya kila aliyelipa nauli. Jaribu basi kutega sikio, ingawa nako hutaambulia kitu: sauti ameipandisha kasi kiasi kwamba sentensi nzima inapita kabla wewe hujajua ni lugha gani.

Ukitaka kuonekana unafuatilia mambo, sema haya yote yameanza juzi. Simu za kioo zilipoingia, asiyeona alikuwa na sababu ya kuogopa. Kitochi kina vitufe, na kidole kikishaigusa ile 5 yenye kinundu hakipotei tena. Kioo ni kitupu chote. Mwaka 2009 Apple ikaweka VoiceOver, programu ya kusoma kioo kwa sauti, ndani ya iPhone 3GS, na mwaka huohuo mwenzake TalkBack ikaingia Android. Mmoja wa wahandisi wa Google walioisumbukia kazi hiyo ni T. V. Raman, ambaye mwenyewe haoni. Mwaka 2011, Android 4.0 ikaruhusu kidole kutembea juu ya kioo na kusomewa. Simu yako mwenyewe huenda ina programu kama hiyo, bure, kwenye mipangilio ambayo hujawahi kuifungua.

Kuhusu matamshi, hapo mnaweza kukubaliana. Simu iliyoachiwa sauti ya Kiingereza hulitamka jina la Kiabakari kama mtalii aliyeingia geti la Ndabaka asubuhi hii. Sauti ya Kiswahili ipo. Ni ya kuchagua.

Sasa tuje kwenye pesa, ambako huruma yako hufika kileleni. Ukipiga *150*00#, wewe unaitupia jicho orodha yote mara moja na kuchagua. Yeye anangoja isomwe, moja baada ya nyingine, na mtandao haungoji mtu: akikawia, menyu inajifunga, anaanza upya. Hapo ndipo usogee na kusema, mbele ya foleni nzima ya wakala: "Nipe namba ya siri nikutolee." Atakataa. Atachomeka eafoni sikio moja, kwa sababu simu huweza kuitaja kila tarakimu anayoiandika. Sikio la pili anawaachia waendesha bodaboda. Nuna. Waambie watu kwamba hawa wana kiburi.

Usishangae basi akiamua kumuuliza mgeni. Ipo programu iitwayo Be My Eyes, iliyoanzishwa na Hans Jørgen Wiberg wa Denmark, ambaye uoni wake ni hafifu, na kutolewa mwaka 2015. Asiyeona anaelekeza kamera kwenye pakiti, mtu wa kujitolea asiyemjua anatokea kwa video na kumwambia hii ni chumvi, ile ni sukari. Bando linaliwa, ni kweli. Lakini mgeni yule anajibu alichoulizwa na kukata simu. Hamwulizi macho yaliharibika lini, nani alimroga, wala kama amejaribu dawa ya yule mzee wa Butiama.

Kuna msaada mmoja wa mafundi simu ambao hauna mfano: kuzima kelele. Simu imeletwa kubadilishwa kioo, inaropoka kila inapoguswa, fundi anaingia kwenye mipangilio na kuinyamazisha kabisa. Mwenyewe anarudishiwa kipande cha kioo kizuri, kipya, kimya. Aliyejipanga ameweka njia ya mkato: anabana vitufe viwili vya sauti pamoja kwa sekunde chache, na simu inaanza kusema upya, pale pale mbele ya fundi.

Watengeneza programu nao wasisahaulike. Ndugu zangu, endeleeni kuchora vialama vizuri bila kuvipa majina, ili simu isome: "Kitufe. Kitufe. Kitufe." Mtu atafute mwenyewe kipi kinatuma pesa na kipi kinafuta.

Na wewe, katibu wa kamati ya harusi, endelea kutuma kadi ya mchango kwenye kundi la WhatsApp ikiwa picha tupu, yenye maua na maandishi ya dhahabu. Simu ya mzee itamsomea: "Picha." Ukichoka kumwona halipi, chapa maneno chini yake: nani anaoa, wapi, lini, mwisho wa mchango ni tarehe gani. Ila umuulize kwanza. Huenda zipo kadi ambazo mzee angependa zibaki picha.