Kikao cha Dharura Uwanjani Kiruruma

(Uwanja wa mpira, Kiruruma, wilayani Karagwe. Jumapili asubuhi, mvua imekatika, watu wako kanisani. Wahusika: MZEE GOLI, milingoti miwili ya mkaratusi na mtambaa panya uliopinda; BIKONI, kigingi cha zege chenye namba; BIBI MBUZI, mjumbe pekee ambaye hajawahi kukosa kikao; KIROBA, karatasi ya pombe iliyopauka; na DUMU la lita tano, ambaye hakualikwa.)

BIKONI: Naomba utulivu. Nimeitisha kikao hiki kwa mamlaka ya namba iliyoandikwa kichwani kwangu.

GOLI: Karibu, mwanangu. Ila umesimama ndani ya boksi. Hapo ndipo penalti zinapopigwa.

BIKONI: Penalti zimefutwa. Imebainika kwamba eneo hili la wazi linachochea ulevi na uvutaji bangi kwa vijana wa umri wa shule. Ili kuwaokoa, litajengwa fremu kumi na mbili za biashara.

BIBI MBUZI: Biashara gani, waitu?

BIKONI: Mchanganyiko. Saluni, duka la simu, wakala wa pesa, na grosari.

BIBI MBUZI: Grosari ngapi?

BIKONI: Tisa.

BIBI MBUZI: Na grosari inayouza mchele sijaiona tangu nizaliwe.

BIKONI: Tusitoke nje ya ajenda. Ushahidi upo. Kiroba, simama.

KIROBA: Shikamoo mzee Goli. Mheshimiwa, kusimama siwezi, nimekanyagwa na daluga tangu 2017. Nilitupwa hapa wiki ile ya mwisho wa Februari, watu wakitumaliza haraka haraka, maana Machi 1 serikali ilikuwa inatupiga marufuku. Sifa yetu ilikuwa moja: tulienea mfuko wa shati la shule na bei yetu haikumshinda mwanafunzi. Siku hizi wapo wadogo zetu wa chupa ndogo. Wanajitahidi, ila mfukoni wanagonga.

BIKONI: Jibu swali. Uliokotwa wapi?

KIROBA: Hapa.

BIKONI: Mmesikia! Uwanja ndio chanzo.

GOLI: Kwa hesabu hiyo, msikiti ndio kiwanda cha viatu. Nani alikununua, kijana?

KIROBA: Mtu mzima. Alimtuma mtoto, akamwambia chenji achukue.

(Dumu anaingia akibingirika kutoka barabarani. Harufu inatangulia.)

DUMU: Nimesikia mnajadili vilevi. Niseme mapema, mimi simo. Mimi nabeba rubisi, na rubisi ni utamaduni. Ndizi zinaivishwa, zinakamuliwa kwa nyasi ndani ya mtumbwi, unatiwa unga wa mtama uliokaangwa, kesho yake mambo tayari. Hakuna aliyeoa hapa bila mimi kufika ukweni.

BIBI MBUZI: Na nani anakubeba kutoka kwa mpishi hadi nyumbani?

DUMU: Watoto, bila shaka. Wazee migongo inauma. Juzi alinibeba wa darasa la sita. Nilikuwa nimejazwa hadi mdomoni, na kile kilima kina utelezi, kwa hiyo alinipunguza kidogo ili nisimwagike. Alipofika kwenye mti wa pili akanipunguza tena. Nyumbani baba yake akasema, mbona pungufu? Mtoto akasema, lilimwagika. Baba akacheka, akasema huyu amekuwa mwanaume.

GOLI: Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumuuzia mtoto pombe.

DUMU: Kumuuzia, mzee! Pale nani aliuziwa? Alitumwa tu.

KIROBA: Na siku unazofunikwa kwa jani la mgomba, ukaitwa maji ya betri?

DUMU: Hiyo ni gongo. Gongo ni suala jingine. Tangu 1966 kuna sheria inayokataza kuitengeneza, na wanaonijaza wanaifahamu vizuri, ndiyo maana wanatumia jani.

BIKONI: Turudi kwenye bangi. Mzee Goli, utakana kwamba inavutwa nyuma yako?

GOLI: Sikani. Kwenye kile kichaka cha nyuma, giza likishaingia, moshi upo, na majina ya wavutaji ninayo. Lakini andika na saa. Kuanzia saa kumi jioni hadi jua kuzama hakuna anayevuta, kwa sababu mwalimu anaona na kwa sababu aliyevuta hafiki dakika ya sabini. Mwaka huu mpira ulipasuka. Kibofu kikawa hakizibiki, kipya hakikununuliwa, kila aliyeombwa mchango alisema tuonane Jumatatu. Wiki ya kwanza walikuja wakacheza cha makaratasi. Wiki ya pili walikuja wakakaa tu. Wiki ya tatu saa kumi hiyo hiyo, jua likiwaka, wote walikuwa kichakani. Uwanja haukubadilika hata unyasi mmoja. Kilichokosekana ni kibofu.

BIBI MBUZI: Na mabinti? Uwanja wao wa netiboli una tofali za mtu mpaka leo. Wao hamkuwahi kuwaitia hata kikao.

(Hapo Bikoni alitazama pembeni. Nimeshuhudia vikao vingi vya binadamu, na netiboli ikitajwa hutazamwa pembeni vivyo hivyo.)

GOLI: Mwalimu husikiliza redio akiniegemea. Walieleza habari za Iceland. Mwaka 1998, katika kila vijana mia wa miaka 15 na 16 kule, 42 walikuwa wamelewa ndani ya mwezi mmoja. Kufika 2016 walibaki watano. Waliowahi kuonja bangi walishuka kutoka 17 hadi saba. Hawakujenga grosari. Walitoa pesa ya umma kwa michezo na muziki, wazazi wakawekeana ahadi kwa maandishi, watoto wakapangiwa saa ya kurudi nyumbani, na pombe haiuzwi kwa aliye chini ya miaka 20.

BIKONI: Iceland wana fedha.

BIBI MBUZI: Na barafu. Mpira wanauchezea ndani ya mabanda. Sisi tuna vuli na masika, nyasi zinaota zenyewe, na anayezikata ni mimi, bila posho.

BIKONI: Maendeleo hayazuiliki.

GOLI: Nairobi walisema hivyo hivyo 1989, walipotaka kusimika jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Mwanamazingira Wangari Maathai akaandika barua, wakubwa wakamtukana hadi bungeni. Jengo halikusimama. Wewe mwenyewe nani alikupanda?

BIKONI: Mtu mwenye buti.

GOLI: Saa ngapi?

BIKONI: Usiku. Kulikuwa na tochi.

BIBI MBUZI: Wananchi walishirikishwa?

BIKONI: Walishirikishwa kikamilifu. Walikuwa wamelala.

GOLI: Basi nikusomee na mimi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya 1999: Halmashauri ya Kijiji haigawi ardhi bila Mkutano Mkuu wa Kijiji kuridhia kwanza. Na mkutano huo unapaswa kuitwa kila miezi mitatu.

DUMU: Huwa nahudhuria. Nakaa chini ya meza.

(Kikao kilivunjika watu walipotoka kanisani. Mimi mwandishi nina neno moja tu. Mkutano Mkuu wa Kijiji ni wa waliotimiza miaka 18. Wachezaji wa uwanja huu hawana kura. Kura ni ya wewe uliyemtuma mtoto na dumu. Siku ukiitwa, fika, uliza bikoni ilipandwa na nani, na uende kabla hujanywa.)