Sifa za Mengineyo

Kila ajenda ya mkutano wa mtaa ina mwenyewe. Kufungua kikao ni kwa mwenyekiti. Muhtasari wa kikao kilichopita ni wa mtendaji, anayeusoma kama mtu anayehesabu magunia. Taarifa ya miradi ni ya diwani, ambaye daima ana msiba wa kuwahi. Yatima ni mmoja tu: Mengineyo. Imewekwa mkiani mwa orodha, juu kidogo ya Kufunga Kikao, na hakuna aliyewahi kuigombania. Leo naisifu, maana sijaona mtumishi wa umma aliyetukuka kuliko huyu.

Kwanza, subira yake. Mkutano umeitishwa saa nne asubuhi, umeanza saa sita. Itifaki imezingatiwa, na kuzingatiwa kwake kumekula nusu saa. Diwani ameeleza barabara itakayojengwa, ile ile aliyoieleza mwaka jana, kisha akaondoka. Akina mama wameshaanza kunyanyuka, sufuria zinawaita. Ndipo mwenyekiti anatazama saa kwa mara ya kwanza na kusema, "Mengineyo. Maswali mawili matatu, kwa ufupi."

Na hapo ndipo mtaa wote unapojitokeza. Ada ya taka inakusanywa kila mwezi, gari la taka hatulioni. Eneo la wazi la watoto limeota fremu za maduka. Ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, 4 ya wanawake, 4 ya vijana, 2 ya watu wenye ulemavu, mbona vikundi vilivyopata havijulikani hapa mtaani? Kodi ya mnara wa simu inaingia mfuko gani? Ajenda nyingine ingelemewa. Mengineyo huyabeba yote kwa robo saa, na kila swali hujibiwa kwa ukarimu ule ule: "Limepokelewa."

Msidhani ni kazi ndogo. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024, kwa matokeo yaliyotangazwa, chama kimoja kilichukua zaidi ya asilimia 98 ya mitaa. Mwenyekiti wetu ni wa chama hicho, wajumbe wake ni wa chama hicho, diwani naye hivyo hivyo. Nani amuulize nani? Kwa miaka 5 hadi kura ijayo, Mengineyo ndiyo kambi ya upinzani. Haina posho wala ofisi, na muda wake hukatwa ikianza kupata moto.

Ina pia ndugu yake upande wa hesabu, na ukoo huu sharti usifiwe kwa pamoja. Vitabu vya serikali vina fungu halali liitwalo Matumizi Mengineyo: umeme, shajala, mafuta, posho za vikao. Huku chini kwetu ndugu huyo amenenepa. Karatasi inasomwa: kutengeneza mlango, kiasi fulani, chai ya wageni, kiasi fulani, mengineyo, na hapo unasikia kiasi kinachozidi mlango na chai vikijumlishwa. Mkaguzi Mkuu, CAG, hukagua halmashauri kila mwaka, na ripoti yake humfikia Rais kabla Machi haijaisha. Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa huwaita wakurugenzi wakatokwa jasho. Lakini CAG hakai kwenye kiti cha plastiki chini ya mwembe wetu. Anayekaa hapo ni mwalimu mstaafu mwenye kaunta buku, na yeye huyauliza mengineyo ya karatasi ndani ya Mengineyo ya kikao. Watu humwita mkorofi. Mtendaji humwita "mzee wetu", kwa meno yaliyokazwa.

Hata katika maandishi Mengineyo haijikwezi. Muhtasari huandika: "Wananchi walichangia mawazo mazuri." Basi. Kikao kinachofuata, kwenye Yatokanayo, hakuna kitu, kwa kuwa mawazo mazuri hayakuazimiwa.

Safari hii mwalimu alisimama mapema, kabla hata muhtasari haujasomwa, akataka orodha igeuzwe: Mengineyo ianze, diwani afuate. Watu walipiga makofi. Mwenyekiti akasema hoja ni nzito, akamwomba mzee aihifadhi hadi ajenda inayohusika, yaani Mengineyo.