Nondo za Milimita 14

Tarehe 25 Machi 2020 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza nafuu za wakati wa Korona, mojawapo kodi ya VAT kushuka kutoka asilimia 16 hadi 14 kuanzia Aprili 1. Nchi nzima ikashusha pumzi. Yangu ilikwama kooni.

Nilikuwa nahudumia mitambo ya duka moja la jumla la vifaa vya ujenzi, Mombasa. Programu yao ilikuwa Odoo, na Odoo ina mahali pake pa kuwekea kiwango cha kodi: unabadilisha hapo, ankara mpya zinafuata. Mimi, kwa ujuaji wa kijana aliyetoka chuoni juzi, nilipaona ni pa wavivu. Nikajiandikia hesabu zangu, tena ndani ya mafaili ya Odoo yenyewe badala ya moduli ya pembeni, na hiyo 0.16 nikaimwaga kama bizari: kwenye ankara, risiti, ripoti, hata kwenye faili moja nililoliandika juu USIGUSE. Kwa nini lisiguswe, sikukumbuka.

Nikamwambia bosi, "Mzee, kodi ina kasoro." Akashika kifua, akauliza watoza kodi wa KRA wamefika saa ngapi. Nikamweleza kwamba sisi waandishi wa programu nasi tuna kodi yetu, ya maandishi. "Na hiyo," akauliza, "hulipwa wapi?"

Usiku wa Machi 31 nikaamuru mashine itafute kila 16, iweke 14. Nakala ya majaribio sikuwa nayo. Wa kujaribiwa walikuwa wateja. Saa mbili asubuhi fundi akapiga simu: ankara yake inasema nondo za milimita 14. Dukani kuna za 12, halafu 16. Kumbe orodha ya bidhaa za punguzo nayo nilikuwa nimeibandika humo humo.

Kisha akaja mteja kurudisha mabati ya Machi. Alilipa kodi ya 16, mashine ikamrudishia ya 14. Mama wa uhasibu akaniita pembeni: "Mwanangu, mbona huyu tumemla shilingi mbili kwa kila mia?"

Januari 1, 2021, asilimia 16 ikarudi. Safari hii nilikuwa mzoefu: nikatafuta kila 14, nikaweka 16. Nondo zikapona. Ila wateja wa mkopo wa siku 14 nao wakajikuta na siku 16, na kati yao hakuna hata mmoja aliyepiga simu.