Ni Batri Tu: Mwongozo wa Kununua Gari Lililokufa Bunia

Gari unalolitafuta haliko barabarani. Kwenye Bulevari ya Libération hupita yale yanayotembea, na yanayotembea yana bei. Wewe zunguka nyuma ya nyumba, kwenye mitaa ya Mudzipela au Nyakasanza, mahali kuku wanapotagia. Utalitambua kwa majani yaliyochomoza kwenye bampa na mihogo iliyoanikwa juu ya boneti. Ukiulizwa unataka nini, sema umekuja kuwasalimu. Gari lisilotazamwa na mtu kwa miaka sita hupanda bei siku ileile linapotazamwa.

Tuseme bahati imekupa Toyota Land Cruiser HJ60 ya miaka ya 1980, yenye injini ya dizeli ya 2H, silinda 6, lita 4 kasoro kidogo. Ni gari zuri kwa mtu anayependa kuteseka kwa utaratibu. Halina kompyuta ya kusingiziwa, na taimingi yake ni ya gia za chuma, si mkanda wa kukukatikia njiani. Kila kibaya ndani yake utakiona kwa macho na kukishika kwa mkono. Mwenye mali atatoka, atalipiga teke la upendo kwenye tairi lisilo na upepo, kisha atasema: "Papa, motere iko muzima. Ni batri tu ilikufaka."

Usibishe. Tangu nianze kuzungukia magari mabovu mjini hapa sijakutana na hata moja lililokufa kwa ugonjwa mwingine.

Uliza jambo moja tu: injini ilikwama gari likiwa linakwenda, au lilipokuwa limelala? Hapo ndipo pesa yako yote ilipo. Iliyokwama safarini kwa kukosa oili au maji imesaga vyuma kwa vyuma hadi vikang'ang'aniana. Hiyo mwachie mwenyewe aendelee kuanikia mihogo. Iliyokwama kwa kulala imeshikwa na kutu tu: unyevu umeingia kwenye silinda, na ringi za pistoni zimegandana na kuta. Hiyo inaombeka. Bila shaka utaambiwa ililala. Basi chomoa kijiti cha kupimia oili. Kikitoka na kitu cha rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia kwenye oili. Kikinuka kuungua, salimu watoto uondoke. Kisha lala chini, tazama ubavu wa injini. Ukikuta tundu la ukubwa wa ngumi limezibwa kwa gundi ya chuma na kupakwa rangi, jua dirisha hilo halikuwekwa Japani.

Malipo ni kwa dola, nazo zichague kama unayechagua mkwe. Noti iliyochanika upana wa ukucha haitapokelewa na mtu anayekuuzia gari lisilo na sakafu. Dai kate roze, hati ya umiliki wa gari, siku hiyohiyo. Pengine ina jina la marehemu mwenye warithi tisa, na wa tisa yuko Kisangani na hapokei simu.

Sasa limefika kwako, limevutwa kwa kamba, na boneti imefunguliwa. Hilo la boneti ni kosa, lakini haliepukiki. Boneti iliyo wazi Bunia huita watu kuliko matanga. Atakuja mzee aliyeendesha lori enzi za Mobutu, kijana wa pikipiki aliyewahi kufungua jenereta, na jirani asiyejua lolote ila ana sauti. Wote watakubaliana: imebloke, ivutwe na lori la Fuso, gia ya pili, uachie klachi. Wape viti, wape chai, usiwape kamba. Magurudumu yakilazimishwa kuzunguka yatazungusha giaboksi, nayo giaboksi itaisukuma injini. Pistoni iliyoshikwa haitatoka, kitakachopinda ni mkono wake. Wale wote watakuwa mashahidi, na hakuna atakayechangia.

Dawa yenyewe ni ya aibu kwa udogo wake. Toa nozeli zote na plagi za kupashia joto, mwaga kwenye kila silinda mchanganyiko wa oili ya giaboksi ya otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu, kisha uache. Asetoni ni ileile ya kutolea rangi ya kucha. Mwanamume mwenye mikono myeusi anayeulizia lita mbili zake sokoni lazima awe ametayarisha maelezo, hasa kwa mkewe. Ukiikosa, mazutu, yaani dizeli, na oili nyepesi vitafanya kazi, ila polepole zaidi. Sigara iwe mbali.

Siku ya kwanza hakuna kitakachotokea. Ya pili pia. Ya tatu mzee wa lori atapita na kuuliza Fuso inakuja saa ngapi. Wewe ongeza dawa palipokauka. Mimi siku ya nne nilishindwa na ulimi wa watu, nikatia bomba la mita mbili kwenye spana na kuning'inia. Bolti ya puli ya krenki, ile ya kuzungushia injini, ilikatika. Mbadala wake nilimwagiza mtu aliyekuwa akienda soko la Kisekka, Kampala. Ulirudi kwa njia ya Mahagi baada ya wiki tatu, na haukuwa wa Toyota. Kwa hiyo ngoja siku kumi. Kisha shika bolti hiyo kwa spana ndefu ya kawaida, uitikise mbele na nyuma, mbele na nyuma, kama unayeamsha mgonjwa. Ikisogea upana wa unywele, usipige kelele, watakuja tena. Irudishe, iende, irudishe, mpaka ikamilishe mizunguko miwili.

Kabla ya kurudisha nozeli, zungusha injini kwa stata ili mafuta yaliyobaki yarushwe nje. Yatarushwa juu, mbali, na kwa yeyote aliyesimama karibu akiwa na shati la kanisani. Usimwonye jirani mwenye sauti. Baada ya hapo badilisha oili, mwaga mazutu ya zamani ambayo sasa ni maji na matope, jaza mapya, toa hewa kwenye pampu. Batri utaazima mbili. Na shika kipande cha ubao mkononi. Injini ya dizeli iliyobakiwa na oili ndani yaweza kuiunguza oili hiyohiyo na kunguruma bila kikomo hata ukizima mazutu. Hapo funguo ni pambo, dawa ni kuziba mdomo wa hewa kwa ubao. Kiganja usikitumie.

Itakohoa. Moshi mweupe, kisha wa bluu, kisha mweusi, na mweusi hautaisha haraka, maana Bunia iko juu, mita 1,200 na zaidi, na hewa ni nyepesi. Watoto watacheza ndani ya wingu hilo. Mwenye gari wa zamani atafika kabla injini haijapata joto, atasikiliza huku ameinamisha kichwa, na kusema kwa huzuni ya kweli kwamba alikuuzia bei ya bure.

Usipange safari ya Mahagi wala ya Komanda. Barabara hizo zina habari zake, na breki zako bado hujazigusa. Zunguka mtaa mara moja, taratibu, ukipitwa na pikipiki iliyobeba mbuzi. Ukirudi utawakuta mlangoni mama watatu wa kwaya. Wamesikia gari limepona. Jumamosi kuna harusi Kasenyi, wao ni kumi na wanne pamoja na ngoma, na mazutu, papa, tutaangalia kulekule.