Shangazi Buji Anajibu: Gari la Wazi Chini ya Nyiragongo

Shangazi Buji,
Babu alituachia Volkswagen Coccinelle, ile dekapotabli, ya paa la kukunja. Imekaa nyuma ya nyumba hapa Himbi tangu nikiwa shule ya msingi, imefunikwa turubai lililotoboka, na kuku wanatagia ndani. Nataka Noeli inikute barabarani. Nimeshanunua rangi nyekundu na krimu ya kung'arisha matairi. Nianzie wapi?
Mrithi, Himbi

Mwanangu Mrithi, anzia dukani: rudisha hiyo rangi. Ukiipaka leo utakuwa umeivika kutu suti ya harusi.

Kisha hongera. Coccinelle za paa la kukunja zilitengenezwa na Karmann, mjini Osnabrück, Ujerumani, kuanzia 1949 hadi 1980. Kama yako haikuhama hapo ilipo, basi ilikuwepo Goma lava ya 2002 ilipopita katikati ya mji hadi ziwani, na ile ya 2021 iliyosimama karibu na uwanja wa ndege. Gari lililovumilia hayo halitashindwa kukusubiri miezi michache. Noeli ziko nyingi.

Kuku watoke kwanza. Mayai mpe mama. Halafu nyanyua kiti cha nyuma, maana batri ya Coccinelle inakaa chini yake, upande wa kulia, na springi za kiti ziko juu yake. Kifuniko cha batri kikipotea, abiria mzito akikaa, springi zinagusa vichwa vya batri na kiti kinashika moto. Hapo sikutanii. Mashemeji wanapenda kukaa nyuma, kwa hiyo tafuta kifuniko kabla ya kuwakaribisha.

Ukiwa hapohapo, ng'oa mazulia yote, chukua bisibisi na ugonge sakafu kuzunguka batri. Ikilia ngo, kuna chuma. Ikilia pwa, ulikuwa unakanyaga zulia na imani. Sakafu iliyooza anaitengeneza fundi wa kuchomelea, kwa bati jipya, na fundi atakayekuambia tupake mastiki tu, mwambie ahsante na ufunge geti.

Chini ya kila mlango kuna vitundu vya kutolea maji. Vimeziba, usinibishie, vimeziba. Chukua spoku ya baiskeli uvizibue, yatatoka matope meusi yaliyokaa humo miaka. Nyuma kwenye injini, fungua uchunguze lile bati linalofunika feni: injini hii inapozwa kwa upepo, haina rejeta, na kiota cha panya kikikaa kwenye njia ya upepo utaiua kabla hujafika Keshero. Mipira ya petroli ibadilishe yote, hata ile inayoonekana mizima. Matairi nayo usiyapake krimu kabla hujasoma tarakimu nne zilizo ubavuni: 2309 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2009. Ukikuta tarakimu tatu tu, hilo tairi ni la karne iliyopita, panda maua ndani yake.

Sasa ndiyo tuoshe. Hapa watu wa Goma wanaharibu magari yao kila asubuhi bila kujua. Vumbi letu si vumbi la Kinshasa. Ni mawe ya lava yaliyosagwa na malori, na yana makali. Anayepita na kitambaa kikavu juu ya boneti ili “kutoa vumbi” anaipiga msasa. Mwagia maji kwanza, mengi, kutoka juu kwenda chini, mpaka vumbi liondoke lenyewe. Ndipo uguse, kwa kitambaa laini, ndoo moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia kitambaa. Najua bidoni la lita ishirini linauzwa, na najua ulichota ziwani. Basi ujue pia kwamba maji ya Kivu yana chumvichumvi nyingi, na yakikaukia juani yanaacha madoa meupe. Osha kivulini, kausha papo hapo.

Wala usidhani mvua itakusaidia. Moshi wa Nyiragongo na wa jirani yake Nyamulagira umejaa salfa. Mvua ikipita ndani yake inafika chini ikiwa tindikali, na mabati ya nyumba zetu ni mashahidi. Gari lililonyeshewa siku moshi umeelekea mjini lisuuzwe siku hiyohiyo.

Kromu ya bampa yenye kutu ndogo inasafishika kwa karatasi ya alumini, ile ya kufungia chakula: ikunje, ichovye majini, sugua taratibu. Viti vya skai vinataka kitambaa chenye maji ya sabuni, basi.

Nimeacha paa mwisho kwa sababu ndilo gari lenyewe. Paa la Coccinelle si kitambaa kimoja. Juu kuna turubai, katikati kuna godoro la manyoya ya farasi, ndani kuna kitambaa cha dari. Wajerumani waliweka unene huo kwa ajili ya baridi ya kwao. Huku kwetu, ambako mvua hainyeshi labda miezi mitatu, godoro hilo linakunywa maji na kuyahifadhi. Bonyeza dari kwa kiganja. Mkono ukirudi umelowa, godoro limeoza, na hakuna manukato ya gari yatakayoficha harufu ile. Litoe lote.

Kama turubai la juu bado lina nguvu, lisugue kwa brashi laini na sabuni ya kipande. Penye ukungu tumia siki iliyochanganywa na maji. Jiki usiiguse, inakula uzi wa mishono. Kisha liache paa likiwa limefunguliwa mpaka likauke kabisa. Paa linalokunjwa bichi linaota ukungu humo humo kwenye mikunjo, na utalifungua siku umempakia mchungaji.

Kama limechanika, peleka kwa mafundi wanaoshona viti na maturubai ya malori. Fundi asikate kwa macho. Afumue la zamani, alilaze juu ya jipya, akate akilifuata, na ashone kwa uzi wa poliesta. Akikuletea turubai lenye herufi za UNHCR, ondoka. Lile lilitolewa liwe paa la mtu aliyekosa nyumba, na mji huu unawajua watu hao kwa majina.

Paa likiacha kuvuja, niandikie tena. Tutazungumzia rangi.

Shangazi,
Ninaoa. Rafiki yangu ana Suzuki Samurai ya zamani, ya turubai. Tumepanga tulitoe turubai, mimi na bibi harusi tusimame ndani wazi kutoka kanisani, tuzunguke Rond-point Chukudu tukipunga mikono. Gari ni chafu. Tulioshe jioni ya kuamkia siku yenyewe?
Bwana Harusi, Katindo

Mpwa wangu, lioshe asubuhi. Jioni utaliosha kwa ajili ya vumbi la usiku. Na ndani usimwage maji kwa ndoo kama nilivyomwona kijana mmoja akifanya, maana chini ya dashibodi kuna nyaya, na honi itaanza kupiga yenyewe katikati ya misa.

Ila swali lako halihusu usafi. Katika harusi za Goma, anayestahili gari la wazi ni mpiga video, yule anayetoka nusu mwili nje ya buti akirudi nyuma-nyuma mbele ya msafara. Mpe yeye Samurai. Bibi harusi mwenye gauni jeupe, nyuma ya lori, mbele ya motari arobaini, atafika kwenye sanamu ya chukudu akiwa na rangi ya kiongozi wa msiba. Picha pale mtapiga, lakini mshuke kwenye gari lililofungwa vioo.

Na kusimama ndani ya gari la wazi kuna historia yake katika nchi hii. Tarehe 29 Juni 1960, mkesha wa uhuru, Mfalme Baudouin wa Ubelgiji alikuwa amesimama hivyohivyo katika gari lisilo na paa, Léopoldville, akisalimia umati. Mtu mmoja, Ambroise Boimbo, akajitokeza akamchomolea upanga wake, na mpiga picha Mjerumani Robert Lebeck akaipata picha ambayo dunia inaiangalia hadi leo. Huyo alikuwa mfalme, na askari walikuwepo. Wewe una simu mpya mfukoni mwa koti na wajomba wawili waliolewa. Kaa ndani.

Shangazi Buji,
Mume wangu alinunua gari kuukuu lisilo na paa. Kila Dominika anakaa ndani yake uani, halitembei. Nikiuliza, anasema tangu benki za Goma zilipofunga Januari 2025, hilo ndilo benki yake.
Mama wa Wanne, Ndosho

Mama, mwanaume ana hoja nusu. Pesa iliyo uani haifungiwi mlango. Lakini benki inayonyeshewa inapunguza akiba kila msimu, na kipuri kinachopitia Kigali na Gisenyi hakingojei mtu atafakari.

Mpe mtihani mmoja. Dominika ijayo usimwambie atoke. Mpelekee ndoo, brashi na kisu, umwambie ang'oe mazulia. Akiyang'oa, ana gari, mvumilie, hata umsaidie kuyaanika. Akisema atayang'oa wiki ijayo, basi ana kiti cha kukalia, na kiti cha plastiki ni rahisi zaidi.

Shangazi, naweza kuosha gari kwa Omo?
Haraka, Majengo

Unaweza. Hata kuoga kwa Omo unaweza.

Kwa wote waliotuma picha: asanteni, lakini boneti zinazong'aa nimeziona za kutosha. Barua za mwezi ujao zije na picha ya chini ya gari, iliyopigwa mchana, mazulia yakiwa nje. Barua isiyo na picha hiyo siijibu.