Mwongozo wa Kumaliza Ugomvi wa Mistari Kabla Mtaro Haujachimbwa

Kwenye mchoro wa mtandao wa maji, vijisanduku hupendwa na kila mtu. Tanki hupakwa bluu, pampu huwekewa duara, gati la kuchotea maji huandikwa jina la kitongoji kwa herufi za kupendeza. Mistari hutelekezwa, nayo hulipiza kisasi: mmoja unakatiza juu ya jina la shule, mwingine unaingia kwenye tanki na kutokea mgongoni, wa tatu unaishia hewani. Tuiheshimu mistari, jamani. Mstari ndio bomba, ndio mtaro, ndio hela ya wananchi.

Hapa Mhunze, makao makuu ya Wilaya ya Kishapu, hilo ni jambo zito. Maji ya mradi wa Ziwa Victoria uliozinduliwa mwaka 2009 huvutwa Ihelele, wilayani Misungwi, hupandishwa hadi tanki la kilima cha Mabale, kisha hushuka kuelekea Kahama na Shinyanga na kusambaa kwenye miji midogo. Mchoro wa safari hiyo ukikosewa, anayeumia ni fundi mwenye sururu kwenye udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka nyufa kiangazi na kunasa buti masika. Basi fungua draw.io, programu ya bure inayofanya kazi hata bila intaneti ukiipakua kwenye kompyuta, tuanze.

1. Funga mstari pande zote mbili. Kwenye menyu ya Extras chagua Edit Diagram. Utaona mchoro mzima kwa maandishi. Kila mstari halali una source na target, yaani unakotoka na unakokwenda. Usio navyo unaelea tu: utasogeza tanki, wenyewe utabaki palepale ukijifanya umeunganishwa. Huo ufungwe leo leo, maana gati lililochorwa hivyo halina maji hata kwenye karatasi.

2. Andika tabia, acha kubofyabofya. Chagua mstari, bonyeza Ctrl+E, kisanduku cha maandishi kitafunguka. Kwa bomba kuu andika hivi:

edgeStyle=orthogonalEdgeStyle;strokeWidth=5;strokeColor=#1565C0;endArrow=block;

Mstari unanyooka na kupinda kwa pembe mraba, unanenepa, unapata mshale. Bomba la kusambaza lipe strokeWidth=2. Lililo kwenye mpango tu, ongeza dashed=1, likatike vipandevipande. Tafadhali usilisahau hilo la mwisho: bomba la ahadi likichorwa sawasawa na bomba lililofukiwa, mkutano wa kijiji utawaka moto, na wananchi watakuwa na haki.

3. Chagua mlango. Ukiiacha programu iamue, mistari sita itagombania upande mmoja wa tanki. Andika exitX=1;exitY=0.5; na mstari utatokea katikati ya ubavu wa kulia; entryX=0.5;entryY=0; utaingia katikati ya juu. Sifuri ni kushoto au juu, moja ni kulia au chini. Bomba la kujaza liingie juu, la kutoa litoke chini. Fundi akitazama mara moja anajua lipi ni lipi.

4. Wanaopishana wapishane kwa adabu. Mabomba mawili yanayovukana bila kuungana yakichorwa kama msalaba, mtu ataagiza tii ya kuunganishia mahali pasipo na kiungo. Mpe mmoja jumpStyle=arc;jumpSize=10; aruke juu ya mwenzake kwa kinundu kidogo. Palipo na kiungo cha kweli, weka nukta.

5. Magati yakizidi, lisha jedwali. Programu hii hupokea orodha ya CSV. Kila gati, na tanki pia, liwe na safu mlalo yenye jina lake, na kwenye safu wima ya chanzo uandike jina la tanki linalolilisha gati hilo. Juu ya orodha weka kanuni moja:

# connect: {"from":"chanzo","to":"jina","invert":true,"style":"strokeWidth=2;endArrow=block;"}

Mistari yote itazaliwa na sura moja. Neno invert lilinde kama mboni ya jicho. Ukilifuta, mishale inageuka, na mchoro wako utaonyesha akina mama wa magatini wakipandisha maji kwenda kulijaza tanki la Mabale. Wamebeba ndoo za kutosha. Tusiwaongezee na hilo.

6. Kumbuka steshenari ya kuchapishia ina wino mweusi tu. Bluu na nyekundu zikitoka kwenye printa huwa kijivu kimoja. Kwa hiyo tofauti ibebwe na unene na ukatikaji wa mstari; rangi iwe nyongeza. Kisha weka ufunguo wa alama pembeni, kwa Kiswahili.

Mwaka 1933 London ilichapisha ramani ya treni zake za chini ya ardhi iliyobuniwa na Harry Beck, mchoraji wa mitambo ya umeme. Alinyoosha njia zote, akaachana na mikunjo halisi ya ardhi, kwa sababu abiria alitaka kujua ashukie wapi. Fundi wetu naye anataka kujua afunge valvu ipi.

Kwa hiyo kabla ya kupiga muhuri, mpe fundi bomba karatasi na umwombe afuate maji kwa kidole, kutoka tanki hadi gati la mwisho, huku wewe umenyamaza kabisa. Kidole kikisita mahali, usimweleze. Rudi Ctrl+E, rekebisha mstari, chapisha upya.