Guta la Euro 7,000: Mwongozo kwa Wazazi Wenye Hadhi

Kwanza, ondoa neno guta kinywani. Hapa Amsterdam chombo hiki huitwa bakfiets: baiskeli ndefu ya mota, sanduku mbele, watoto wawili watatu ndani wamefungwa mikanda. Ukimwonyesha mama kwa video huko Temeke atauliza, "Mwanangu, umeanza kubeba saruji?" Mjibu, "Hapana mama, ni wajukuu zako," kisha ubadilishe mazungumzo kabla hajafika kwenye bei.

Maana bei ndiyo penyewe. Ile ya daraja la juu inacheza kati ya euro 6,000 na 9,000, kabla ya hema, kufuli na bima. Kwa hela hiyo unapata gari dogo lililotumika, lenye paa na kipasha joto. Kwa hiyo kabla hujakanyaga dukani, hakikisha gari limeshashindwa mezani kwako. Chukua kalamu, orodhesha mafuta, kodi ya barabara, bima, na maegesho, ambayo katikati ya jiji yalipandishwa hadi euro 7.50 kwa saa mwaka 2019. Soma jumla kwa sauti ya mhasibu.

"Mama Zuhura, hizi hela tungekuwa tumeshazimaliza kwenye maegesho."

"Baba Zuhura, sisi hatuna gari."

"Ndiyo maana nasema tungekuwa."

Mambo yakiwa magumu, ingiza historia. Zamani baiskeli za sanduku zilikuwa za waoka mikate na wauza nyama. Mwaka 1984, katika mtaa wa Christiania mjini Copenhagen, Lars Engstrøm alianza biashara ya matoleo ya magurudumu matatu, ambayo wazazi wa Denmark waliyang'ang'ania. Karibu na mwaka 2000, Mholanzi Maarten van Andel akabuni ile ndefu ya magurudumu mawili kwa ajili ya familia. Mtoto akachukua nafasi ya mkate, na bei haikurudi tena kwenye ngano.

Sasa uchague umbo. La magurudumu matatu linasimama lenyewe kwenye taa, hata mtoto akiamua kuhamia upande wa mwenzake. Tatizo ni kona. Baiskeli uliyojifunzia utotoni inalala nawe unapokata. Hii haitaki kulala, na ukiikimbiza tairi moja linaweza kunyanyuka huku abiria wako wakishangilia. Wapo Wadenmark, Butchers & Bicycles, wanaotengeneza ya matatu inayolala kwenye kona. Inafanya kazi vizuri sana, na imewekewa bei ya kitu kinachofanya kazi vizuri sana.

La magurudumu mawili ndilo la wenye hadhi. Tairi la mbele liko ng'ambo ya sanduku, mbali na mikono yako, linaongozwa na fimbo ya chuma inayopita chini. Ukilijaribu mara ya kwanza macho yatashuka yenyewe kwenye sanduku, na hapo hapo baiskeli itaanza kuyumba barabarani. Inua macho, tazama mwisho wa mtaa, itanyooka. Ikishaanza kukimbia haina shida. Shida ni pale unaposimama, kilo hamsini za chuma na betri zinapotaka kulala upande mmoja pamoja na kizazi chako. Kagua stendi kuliko unavyokagua rangi: ikanyage kwa mguu, ivute baiskeli juu yake, kisha watoto wapande na kushuka ikiwa imesimama hapo. Na ujaribu ukiwa na watoto wako ndani. Sanduku tupu humpendelea muuzaji.

Kuna umbo la tatu, lenye keria ndefu nyuma ambako watoto hukaa kama tulivyopakiwa sisi sote. Tern GSD, kwa mfano, ina urefu wa sentimita 180, kama baiskeli ya kawaida, na inaweza kusimamishwa wima kwa nyuma ikaingia kwenye lifti. Ndiyo ya busara kuliko zote, kwa hiyo wengi hatuinunui. Ukiwabeba watoto nyuma, nani atajua una watoto?

Kwenye mota, uliza "Nyuton-mita ngapi?" kisha unyamaze. Muuzaji atasema 85, nawe utatikisa kichwa kana kwamba ulitarajia 90. Sheria ya Ulaya inaruhusu wati 250 na kasi ya kilomita 25 kwa saa; ukipita hapo mota inakuachia miguu yako. Utajiuliza nguvu yote hiyo ya nini katika nchi ambayo mlima wake ni daraja la mfereji. Subiri upepo wa Novemba, sanduku limegeuka tanga na taa imekushika juu ya daraja hilo hilo. Hapo utamshukuru Bosch, mtengeneza mota, kwa jina.

Mkanda badala ya mnyororo, kubali: hautaki grisi, na suruali ya ofisini inabaki suruali. Breki za mafuta, kubali bila kuuliza.

Kwenye fremu acha utani kidogo. Februari 2024 mamlaka ya Uholanzi ya usalama wa bidhaa iliiamuru Babboe, chapa iliyojaa mashuleni, isimamishe mauzo, kwa sababu fremu zilikuwa zinavunjika. Ujerumani ilitoa kiwango cha baiskeli za mizigo, DIN 79010, mwaka 2020. Omba kuonyeshwa kwamba fremu imepimwa kwa kiwango cha namna hiyo, na uzito gani inaruhusiwa kubeba, wewe mwenyewe ukiwemo. Muuzaji akianza kukusimulia rangi mpya za msimu, vaa kofia yako uende duka la pili.

Halafu italala wapi? Betri utapanda nayo ghorofa ya tatu. Baiskeli yenyewe, kwa ngazi za Amsterdam zilizosimama kama mnazi, hapana. Italala nje, imefungwa kwa mnyororo kwenye kitu kisichong'oka, kwa kufuli ambalo bima imelikubali kwa maandishi. Ikiibiwa, bima itadai funguo zote mbili halisi. Wa pili ufiche leo, kabla mwanao mdogo hajautumbukiza mferejini kuona kama unaelea.

Mwisho ni hema la mvua, linalouzwa peke yake kana kwamba Uholanzi mvua ni tukio. Nunua. Lina madirisha, zipu, na nafasi ya kichwa kwa mtoto atakayerefuka. Ndani ni pakavu, kuna biskuti, na abiria wanakutazama kwa mbele ukiloa kuanzia kofia hadi soksi. Kwa ajili ya mwendeshaji katalogi haina kitu. Ukiinama kuwauliza kama wako salama, jibu litatoka haraka:

"Baba, funga zipu, unatuingizia maji!"